Mtu Asaliye ni Nani?

Katika nchi za Tanzania na Kenya, watu wawili wakikutana mara ya kwanza, wakiisha kuamkiana na kuulizana habari za nyumbani, si ajabu mmoja amwulize mwenziwe, "Wewe wasali wapi?" Yule aulizwaye hajibu, "Nasali chumbani mwangu," wala hajibu, "Nasali chini ya mwembe." Hutaja kanisa lake: "Nasali kwa Walutheri," au, "Nasali Anglikana," au, "Nasali parokiani." Wote wawili wameelewana. Neno lililotajwa ni sala, lakini jambo lililotakiwa kujulikana ni mahali mtu aendapo siku ya Jumapili.

Vivyo hivyo watu husema, "Fulani anasali sana," maana yake haikosi ibada. Tena husema, "Fulani hasali siku hizi," maana yake mahali pake kanisani ni patupu. Neno hili ni fupi, na kila mtoto alijua. Walakini ni neno zito, kwa kuwa limebeba mizigo miwili kwa mara moja. Mzigo wa kwanza ni kwenda kanisani. Mzigo wa pili ni kusema na Mungu. Mara nyingi mizigo hii hukaa pamoja vema, lakini si siku zote. Asiyejua kuitenga aweza kumdhulumu jirani yake pasipo kukusudia, tena aweza kuidanganya nafsi yake mwenyewe.

Na utolewe mfano. Kijijini yuko bibi mmoja mzee, ambaye kwa miaka mingi alikuwa wa kwanza kufika kanisani, kabla kengele ya pili haijalia. Siku hizi magoti yake yamevimba, wala hawezi kupanda kilima. Jumapili tatu zimepita bila yeye kuonekana. Watoto wa shule wanateka maji kisimani, na mmoja wao asema, "Bibi yule zamani alikuwa akisali sana, lakini sasa hasali." Wa pili aitikia, na wa tatu alichukua neno hilo nyumbani kwao. Kabla juma halijaisha, habari imezunguka kijiji kizima kwamba bibi ameiacha dini. Hapana aliyesema uongo kwa kusudi. Kila mmoja alisema neno lile lile alilolisikia. Na huku bibi mwenyewe, kila siku alfajiri, huketi kitandani mwake akawataja mbele ya Mungu wajukuu zake na watoto wa majirani, mmoja mmoja kwa jina lake, hata na wale waliosema habari zake kisimani.

Basi kosa li wapi? Kosa li katika neno. Watoto waliona kiti kitupu, wakasema habari za moyo mtupu. Waliona jambo moja, wakashuhudia jingine.

Ili kufahamu jinsi neno hili lilivyopata maana mbili, yafaa kutazama lilikotoka. Halikuzaliwa kanisani. Lilitoka katika lugha ya Kiarabu, likaingia katika Kiswahili pamoja na dini ya Kiislamu, karne nyingi kabla ya wamisionari wa karne ya 19. Mpaka leo Waislamu wa pwani husema kuswali, na sala zao za faradhi ni tano kwa siku: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, na isha. Sala hizo zina taratibu yake: kutawadha kwanza, kisha kusimama, kurukuu na kusujudu. Mwislamu husifiwa akiswali msikitini pamoja na wenziwe, na sala ya adhuhuri ya Ijumaa huswaliwa kwa mkutano. Lakini sala nyingine aweza kuziswali nyumbani, au dukani, au shambani, au akiwa safarini chomboni. Kwa hiyo mtu wa Unguja akisema, "Fulani haswali," hasemi kwamba fulani haonekani msikitini. Asema kwamba haitimizi sala yenyewe, popote alipo.

Dakta Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi yao Bagamoyo mwaka 1868, neno hili lilikuwa limekwisha kukaa vinywani mwa watu. Wakristo walilitwaa, nao walifanya vema, kwa kuwa hapana haja ya kubuni neno jipya ambapo la zamani lafaa. Lakini neno lihamapo nyumba hubadilika tabia. Sala ya Mkristo nyumbani haina saa tano zilizowekwa wala namna moja ya kusujudu ambayo jirani aweza kuiona kwa macho. Iliyoonekana na watu wote ni ile ya Jumapili, kengele ikilia na watu wakipita njiani na nguo zao safi. Ndipo maana ya neno ikasogea polepole toka goti hata mguu: kusali ikawa kwenda kanisani. Na neno lililokuwa likiuliza, "Je, aitimiza sala?" likawa likiuliza, "Je, aonekana?"

Waswahili si peke yao katika kutafuta neno la kumwita mtu asiyekosa ibada. Waingereza wana neno lao, na tafsiri yake ni "mwenda kanisani." Neno hilo latazama miguu. Ni neno la haki, maana halidai zaidi ya lile lililoonekana. Lakini halisemi mtu huyo afanya nini akiisha kufika. Wafaransa hutumia neno lenye maana ya "mtendaji," yaani mtu ashikaye matendo ya dini, hasa kuihudhuria misa. Neno hilo latazama mikono. Na wako Wafaransa wasemao juu ya nafsi zao kwamba ni wenye kuamini, lakini si watendaji. Kana kwamba moyo na mkono vyaweza kukaa nyumba mbalimbali.

Katika Buganda habari ilikuwa nyingine tena, na yastahili kukumbukwa. Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti walifika huko mwaka 1877, na wa Kikatoliki mwaka 1879. Alexander Mackay, fundi na mwalimu, aliyefika mwaka 1878, alianza kufundisha kwa vitabu vya Kiswahili, kabla ya vitabu vya Kiganda kupigwa chapa. Vijana wa nyumba ya mfalme walijifunza herufi kwa bidii nyingi sana, na kwa kuwa mafundisho ya dini na kusoma vilikwenda pamoja, watu wakawaita Wakristo "abasomi," yaani wasomaji. Katika Kiganda neno la kusoma likawa pia neno la kuabudu. Kadhalika katika nchi ya Wakikuyu, watu waliofuata mafundisho ya misheni waliitwa "athomi," na maana yake ni ile ile, wasomaji. Neno hilo latazama macho yaliyo juu ya kitabu.

Yaliyowapata wasomaji wa Buganda yaonyesha kwamba jina kama hilo halipimwi kwa viti vya kanisa. Mfalme Mwanga alipowageukia Wakristo, mwaka 1885 na 1886, wengi wao waliuawa, na tarehe 3 Juni 1886 kundi kubwa lilichomwa moto huko Namugongo. Katika siku hizo za hatari waliosalia walikutana kwa siri, nao walikwenda kwa woga. Kama mtu angalikaa mlangoni pa kanisa na daftari mkononi ili ahesabu waliohudhuria, angaliandika kwamba wasomaji wamekwisha. Kumbe hawakuisha. Na kila aliyekubali kuitwa msomaji alijua kwamba jina hilo laweza kumgharimu uhai wake. Halikuwa jina la kupata kwa kukaa juu ya benchi tu.

Basi kila lugha ilishika kiungo kimoja cha mwili ili kumtaja mtu mzima. Mwingereza alishika mguu, Mfaransa mkono, Mganda jicho. Mswahili alishika ulimi na moyo, maana sala hutoka humo. Kwa hiyo neno la Kiswahili ndilo lidailo zaidi kuliko mengine yote. Amwambiaye mtu, "Wewe ni mwenda kanisani," amesifu miguu yake. Amwambiaye, "Wewe wasali," amesifu roho yake. Na kinyume chake ni kizito vile vile. Asemaye, "Huyu haendi kanisani," amesema habari ya njia. Bali asemaye, "Huyu hasali," amesema habari ya mtu na Mungu wake, nayo ni habari ambayo hakuna jirani aijuaye.

Hapa wako watu watakaojibu upesi, "Ikiwa ni hivyo, kwenda kanisani si kitu. Mtu aweza kusali nyumbani, nayo yatosha." Neno hili lapendeza sana masikioni mwa mvivu, hasa asubuhi ya mvua. Lakini lugha yenyewe yampinga. Neno kanisa lilifika katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, na asili yake katika Kiaramu ni kukusanyika. Halikuanza kuwa jina la mawe na chokaa. Lilikuwa jina la watu waliokutana. Hata siku yenyewe ina ushuhuda wake. Jumapili ni siku ya pili ya juma kwa hesabu ya Waswahili, na juma ni neno la ukoo mmoja na Ijumaa, jumuiya, na jamaa; yote ni maneno ya mkutano. Mtu awezaye kufika, naye hataki, asiseme kwamba ajitosheleza kwa sala ya peke yake; maana sehemu moja ya sala ni kusimama pamoja na wenzio, na kubeba mizigo yao, na kubebwa nao.

Habari za Freretown zaonyesha jambo hili wazi. Kijiji hicho, karibu na Mombasa, kilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa. Wengi wao walikuwa wametekwa wakiwa watoto, toka nchi za mbali za bara. Walipoteza baba na mama, na wengine hata lugha zao. Walipoachwa huru hawakuwa na ukoo wa kurudia. Kengele iliyowekwa hapo haikuwa pambo, na mpaka leo mahali hapo paitwa Kengeleni kwa sababu yake. Kwa mtu asiye na ndugu hata mmoja, mkutano wa sala ulikuwa ndio ndugu. Nani angaliweza kumwambia mtu kama huyo kwamba yatosha kusali peke yake? Upweke alikwisha kuwa nao mwingi. Alichokosa ni jamaa.

Kwa hiyo kuhudhuria ni jambo kubwa. Lakini lisipewe jina lisilo lake. Katika Injili ya Luka, sura ya 18, imo habari ya watu wawili waliopanda kwenda hekaluni, mmoja Farisayo, na wa pili mtoza ushuru. Kama ingalikuwapo daftari ya mahudhurio mlangoni, wote wawili wangalitiwa alama ile ile. Wote walifika, wote walisimama, wote walifungua vinywa vyao. Walakini mmoja alijisifu, na mwingine alijuta, na yule aliyejuta ndiye aliyerudi nyumbani amekubaliwa. Daftari ingaliandika kweli tupu, nayo isingalijua lolote katika yaliyotendeka siku ile.

Kila mwanafunzi aijua daftari ya mahudhurio, maana jina lake husomwa kila asubuhi. Neno kuhudhuria latoka katika Kiarabu, na maana yake ni kuwapo. Ajuaye darasa ajua pia kwamba kuwapo si sawa na kujifunza. Wako wanafunzi wawapo tangu Januari hata Novemba bila kukosa siku moja, na hesabu zao hazisogei, kwa kuwa miili yao i darasani na mawazo yao yawinda ndege porini. Na yuko mwanafunzi aliyeshikwa na homa juma zima, naye alikwenda na kitabu chake kitandani. Mwalimu mwenye haki huandika kwamba wa kwanza alihudhuria na wa pili hakuhudhuria, maana ndivyo ilivyo. Lakini haandiki kwamba wa pili ni mvivu.

Labda mtu atasema kwamba dawa ni nyepesi: neno kusali lisitumiwe tena kwa habari ya kanisa, na watu waseme kuhudhuria ibada tu. Dawa hiyo ingekuwa mbaya kuliko ugonjwa. Kuhudhuria ni neno zuri la daftari. Ni kavu, na la haki, na lafaa kwa hesabu. Lakini neno kusali humkumbusha mtu kila Jumapili kwamba hakwenda ili kuonekana, wala kuonyesha viatu vipya, wala kukutana na rafiki zake baada ya ibada. Mtu akisema, "Nakwenda kusali," amejiwekea deni kwa kinywa chake mwenyewe. Na akiketi kule akisinzia, neno lake lamshitaki. Ni heri neno lidailo mengi kuliko neno lisilodai kitu. Neno lisitupwe, bali litumiwe kwa adabu.

Na adabu hiyo ina mambo mawili. La kwanza ni juu ya nafsi ya mtu mwenyewe. Asemaye, "Mimi nasali kanisa fulani," asidhani kwamba amekwisha kuthibitisha jambo kwa kulitamka. Afadhali ajiulize kama ndivyo ilivyo. Je, alipotoka kanisani alimsamehe yule aliyegombana naye? Je, aliirudisha ile kalamu ya mwenziwe? Je, mama yake nyumbani aliona tofauti yo yote? Kama hakuna, alihudhuria. Wala asijipe jina kubwa kuliko tendo lake.

La pili ni juu ya jirani. Mtu aseme lile aliloliona kwa macho, wala asiongeze. Kama hakumwona jirani kanisani, aseme, "Sikumwona kanisani." Maneno hayo ni ya kweli, tena yafungua mlango, maana asikiaye mara huuliza, "Kwa nini? Je, ni mgonjwa?" Lakini maneno "hasali" hufunga mlango, yamekwisha kutoa hukumu, wala hakuna wa kuuliza tena. Neno moja humfanya mtu avae viatu vyake akamtazame mgonjwa; neno la pili humfanya akae barazani akasengenye.

Makanisa yenyewe yameliona jambo hili. Tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki wameitilia nguvu kazi ya jumuiya ndogo ndogo, ambazo watu wa jirani hukutana nyumba kwa nyumba, wakasali na kujuliana hali. Mahali palipo na jumuiya hai, mzee asiyeweza kupanda kilima hafi akisahauliwa. Kama yeye hawezi kuufikia mkutano, mkutano waweza kumfikia yeye. Hapo maana mbili za neno kusali hukutana tena katika chumba kimoja.

Basi ule mfano wa kwanza na upate mwisho ulio bora. Yule mtoto wa kisimani atumwa na mama yake kupeleka kuni kwa bibi. Afika mlangoni, apiga hodi, na kuamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ndani."

Mtoto atua kuni, atazama chini, kisha asema, "Bibi, hatukukuona kanisani."

"Ni magoti haya, mjukuu wangu, hayataki tena kilima. Lakini kengele naisikia. Ikilia, nami huanza hapa hapa kitandani, ili tuwe pamoja."

Mtoto huyo hakuhitaji kufundishwa zaidi maana ya neno. Jumapili iliyofuata, yeye na wenzake wawili walimchukua bibi katika kiti, wakipokezana, wakipumzika kila mahali penye kivuli, hata wakafika kanisani kengele ya pili ikilia. Na mtu angaliuliza siku ile ni nani kati yao aliyesali, jibu lingalikuwa gumu kulitenga: bibi alisali kwa kinywa chake, na wale watoto, njiani na jasho likiwatoka, walikuwa wamekwisha kuanza.